Kahawa Iliyopasuliwa Brugge

Jumatatu ya tarehe nne Mei, mwaka 1953, ndiyo siku mambo ya Ndyamukama yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya tunda moja la kahawa, kavu, dogo kuliko kucha ya kidole gumba. Hayakuharibikia nyumbani kwake Buganguzi, ambako angalau angejua aende kupiga kelele mlangoni kwa nani. Yaliharibikia Ubelgiji, katika mji wa mifereji uitwao Brugge, ndani ya ukumbi wa masista ulionuka nta na kabichi. Aliingia humo na binti yake Immakulata. Akatoka bila yeye.

Anayetaka kumwelewa mzee huyu asikie kwanza habari ya gari.

Mke wake Kokubanza alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, na damu ikagoma kukatika. Wanaume wakambeba kwa machela kutoka kilimani mpaka barabarani, maana walikuwa wameambiwa gari la serikali litapita kumchukua kumpeleka Bukoba. Wakangoja. Gari halikuja, kwa kuwa siku ile lilikuwa limetumwa kubeba viti vya karamu ya Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Kokubanza alikata roho kando ya barabara, kichwa chake mapajani mwa Immakulata, na jioni gari likapita limejaa viti. Dereva akawapungia mkono. Tangu hapo Ndyamukama hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote avaaye kofia: Bwana Shauri, mkungu aliyetawala kijiji, karani wa kahawa, hata askofu. Machoni pake wote walikuwa wamekalia viti vile.

Padre Gustafu alikuwa mtu wa kofia pia, kofia pana ya majani, lakini alikuwa na adabu ya kuivua akiingia. Alikuwa Mbelgiji mnene, mwenye jasho jingi, na Kihaya chake kilitoka kama mtu aliyeshika ndizi ya moto mdomoni. Siku aliyokuja na habari ya safari alikaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni kama watu wote, akasema wafadhili wa mji wao, wale waliotoa mabati ya kanisa, wanataka kuiona kwa macho yao familia moja ya Kikristo ya huku. Wangelipa kila kitu.

“Kwa nini usimchukue mkungu?” Ndyamukama akamuuliza. “Yeye ndiye anayependa kuangaliwa.”

“Mkungu ana wake watatu, mzee.”

“Ungewaambia ni dada zake.”

Padre akacheka mpaka tumbo likatikisika. Clavery, mtoto wa kwanza, ambaye alikuwa mwalimu na alishaanza kuvaa soksi ndefu, hakucheka. Alikuwa amekwisha kufika Ulaya moyoni. Immakulata alikuwa mlangoni pa jikoni, amesimama wima. Huyu binti ndiye aliyekuwa nyumba. Ndiye aliyepika, ndiye aliyefagia kaburi la mama yake kibanjani, ndiye aliyejua baba yake akinyamaza ni njaa au ni hasira. Alikuwa amejifunza kufunga vidonda kwa masista wa misheni, akaenda mpaka Bukoba kuomba afundishwe uuguzi wenyewe. Huko aliambiwa kazi ipo, ya kufua mashuka.

“Tutakwenda watatu,” Ndyamukama akasema, “na tutarudi watatu. Sina mwingine wa kuwasha moto humu ndani. Sema hivyo, Padre, na jirani yangu Buberwa huyu asikie.”

“Mtakwenda watatu, mtarudi watatu,” Padre akasema.

Hapo Ndyamukama akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna. Ilikuwa ya Kokubanza. Yeye mwenyewe aliichuma mbichi, akaichemsha na majani yake ya siri, akaianika, akaifunga kwenye ganda la mgomba, muda mfupi kabla ya kufa. Lilikuwa limebaki fungu moja tu. Padre akachukua tunda moja, akalikagua, akauliza kama ni kweli kwamba kahawa hii ndiyo inayofanya watu wawe ndugu.

“Hii ya kikapuni ni salamu tu,” Ndyamukama akamweleza, akifurahi kuulizwa jambo analolijua. “Kila mtu anachukua lake, anatafuna, habari imekwisha. Omukago ni kitu kingine. Unachukua tunda moja. Ndani kuna punje mbili, zimelala zimekumbatiana kama pacha. Unalipasua. Kila mmoja anapaka punje yake damu ya mwili wake, anampa mwenzake, anameza. Hao hawaachani tena. Hata baba zao hawawezi kuwaachanisha.”

Padre alisikia. Clavery alisikia. Immakulata pale mlangoni alisikia. Tulishike hilo.

Walivuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba, wakapanda ndege Entebbe, na Ndyamukama akatapika juu ya nchi ambazo hakuambiwa majina yake. Alhamisi wakafika Brugge.

Alikuwa ameambiwa ni mji mzuri kuliko yote, mji wa kale, mji uliojengwa majini. Alichokiona ni maji yaliyosimama. Mtu wa Buganguzi anajua maji: yanatoka kwenye jiwe, yanasema njiani, yanakwenda zake. Haya hayakuwa yanakwenda kokote. Yalikuwa ya kijani kibichi kama kamasi, yamelala katikati ya nyumba, na nyumba zenyewe zilikuwa zimeteremsha matako ndani yake. Juu ya maji bata weupe wenye shingo ndefu walikuwa wanajinyea na kuogelea humo humo, na watu walisimama darajani wakiwatazama bata hao kwa macho ya sala.

Ijumaa Padre akawapandisha mtumbwi wa kukodi wawatembelee wafadhili kwa njia ya majini. Clavery alikaa mbele, daftari mkononi.

“Tata, hiyo nyumba ina miaka mia tano.”

“Ndiyo maana inanuka.”

“Hapa wafalme walikuwa wanashusha nguo za thamani.”

“Na leo wanashusha nini? Angalia bomba lile.”

Kweli bomba lilikuwa linatema maji ya mtu aliyeoga, au aliyefanya jambo jingine, karibu na kiwiko chake. Mwenye mtumbwi alikuwa anakula samaki mbichi. Alimshika mkia, akainua uso, akamshusha kooni kama mama kunguru alishavyo kinda. Ndyamukama akafumba macho. Akawaza, hawa ndio waliotuma watu waje kutufundisha kunawa mikono.

Kwa wafadhili hakukuwa nafuu. Walipewa jibini lililokuwa limeoza makusudi, na mwenye nyumba akawaeleza kwa furaha limeoza muda gani. Mbwa alikaa kwenye kiti chake mezani, akalamba sahani, na sahani ile ikarudi kabatini. Ndyamukama aliifuata kwa macho mpaka kabati likafungwa. Mama mmoja alimshika shavu, akasugua kidole, akakitazama kidole. Ukumbini, karibu na mlango, ilisimama ngoma ya kwao, ngoma kubwa ya ngozi, ya aina inayopigwa mtawala anapotawazwa. Ngozi ya juu ilikuwa imetobolewa, na ndani wamechomeka miavuli.

“Ngoma hii mliipata wapi?” akauliza.

Padre akatafsiri swali, akarudisha jibu. “Anasema ni zawadi kutoka kwa mtu mkubwa wa huko kwenu.”

“Naam. Atakuwa mwenye kofia.”

Immakulata alikuwa hayupo. Masista walikuwa na hospitali kando ya mfereji, nao walimwomba aje awatazame wanavyofanya kazi. Alikwenda Ijumaa asubuhi, akakaa mpaka jioni. Jumamosi akaenda tena kabla baba yake hajavaa viatu. Hakujua neno hata moja la lugha yao. Alizungumza kwa mikono, na Jumamosi alipokuja kula uso wake ulikuwa unawaka.

“Tata, kuna chumba wanaweka damu za watu kwenye chupa.”

“Wanazifanyia nini? Wanakunywa?”

“Mwanamke aliletwa jana. Alijifungua, damu ikawa haikatiki. Wakamtundikia chupa, damu ya mtu mwingine ikashuka kwenye mshipa wake kwa mpira. Leo asubuhi nimemkuta anakula uji.”

Ndyamukama akasukuma sahani. “Usiniambie mambo ya kuchafua moyo mezani.”

“Yule mwanamke ameamka, Tata.”

“Nimesikia.”

“Maawe angeamka.”

Clavery akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Ndyamukama akaona binti yake anatazama dirishani, upande wa hospitali. Usiku ule aliuliza tarehe ya kurudi. Padre akasema Jumanne, kama walivyopanga, wote watatu, na mzee awe na amani.

Jumatatu ilikuwa siku ya maandamano yao makubwa. Mji mzima ulifurika njiani. Wanasema wana kichupa chenye damu ya Bwana Yesu, iliyoletwa zamani za vita, na kila mwaka wanakitembeza mjini kwa ngoma na farasi na watu waliovaa kama manabii. Ndyamukama ni Mkatoliki; alipiga magoti kichupa kilipopita, akajipiga kifua kama inavyotakiwa. Lakini asubuhi, kanisani, walikuwa wamepangwa mstari kukibusu. Padre mmoja alikishika, mtu akabusu kioo, padre akapangusa kwa kitambaa, akafuata mwingine. Kitambaa kilikuwa kile kile. Mbele ya Ndyamukama alikuwapo bibi mwenye kidonda mdomoni, na mbele ya bibi alikuwapo babu anayetokwa na mate. Zamu yake ilipofika aliinamisha kichwa, akabusu hewa. Aliomba msamaha wa Mungu kwa hilo, na wa mtu mwingine hakuomba.

Baada ya maandamano Mama Mkuu wa masista aliwaita kwenye ukumbi wake wawaage. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani. Masista walijipanga ukutani. Ndyamukama hakuweza kwenda kuaga watu mikono mitupu, hata kama wamemlisha uozo. Alifungua fungu la Kokubanza, akamimina kahawa kwenye kikapu kidogo alichokisuka Immakulata, na binti akakipokea, akapiga magoti mbele ya Mama Mkuu kama alivyolelewa.

“Mwambie ni salamu,” Ndyamukama akamwambia Clavery. “Achukue moja, atafune. Akishindwa aliweke tu mdomoni, nitaelewa.”

Clavery akaliweka hilo kwa Kiingereza. Mama Mkuu akaitikia kwa kichwa kwamba amefahamu. Lakini hakuchukua tunda la juu, kama mgeni yeyote angefanya. Alichambua kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, akainua moja, akalibonyeza kusikia ndani yake, akalirudisha. Akachagua jingine, nene. Akaweka kucha mbili za gumba kwenye mshono wake, akalipasua. Punje mbili zikalala kiganjani mwake. Moja akaishika yeye. Nyingine akaipeleka mdomoni kwa Immakulata.

Immakulata akafungua mdomo.

Wakatafuna pamoja. Bata walisikika huko nje. Clavery alikuwa ameacha kutafsiri. Padre Gustafu alikuwa anatazama dari, ambako hakukuwa na kitu.

“Padre,” Ndyamukama akasema polepole. “Huyu mama amefanya nini?”

“Amepokea salamu yako, mzee.”

“Hiyo si salamu, na wewe unajua. Nilikufundisha mimi, umekaa kwenye nyasi zangu.”

Padre akafuta jasho. Akasema Immakulata ameomba kubaki, afundishwe uuguzi kwa masista, na pengine baadaye, Mungu akipenda, avae shela ya usista. Mama Mkuu amekubali. Hakuna aliyetaka kumwambia baba kabla ya maandamano, asije akaharibikiwa na sikukuu.

“Tuliahidiana watatu kurudi.”

“Tuliahidiana. Lakini wewe mwenyewe ulisema walioshiriki tunda moja hata baba zao hawawezi kuwaachanisha.”

Hapo ndipo chuki yote ya siku zile ilipompanda Ndyamukama kooni, samaki mbichi na ngoma ya miavuli na kitambaa cha mate. Mapadre walikuja kwao wakawaambia omukago ni mambo ya kipagani, wakawapa kitubio kwa ajili yake. Leo unawafaa, wanautoa mfukoni kama ufunguo.

“Kwanza wanawake hawafanyi omukago,” akasema. “Pili, hapakuwa na damu. Bila damu hiyo ni kahawa tu, atakwenda chooni imekwisha.”

“Damu ilikuwapo leo mjini kote,” Padre akasema kwa upole. “Damu ya Bwana.”

“Ile iko kwenye kioo, Padre, na mate ya watu juu yake. Usiniletee.”

Immakulata akainuka magotini. Hakulia, na hilo lilimuumiza zaidi. Akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko. Palikuwa na kipande cha pamba kimebandikwa kwenye mshipa, na katikati ya pamba doa dogo, kahawia.

“Damu niliitoa jana, Tata,” akasema. “Waliipima, ikafanana na ya yule mwanamke. Alihitaji chupa ya pili.”

“Ulimpa damu yako mtu usiyemjua jina.”

“Ana mtoto mdogo.”

“Na mimi nani ananipikia?”

Alijua, neno likiwa bado mdomoni, kwamba silo alilotaka kusema. Alitaka kusema jambo jingine, kuhusu barabara na machela na kichwa kilicholala mapajani. Lakini masista walikuwa wanamtazama, na Mama Mkuu alikuwa anatafuna taratibu, amekunja uso kwa uchungu wa ile kahawa, akijilazimisha asiteme. Ndyamukama akamwinukia, akauliza kwa Kihaya, jambo lisilo na maana yoyote:

“Nani alikufundisha?”

Yule mama akatabasamu. Meno yake yalikuwa meusi kwa kahawa ya Kokubanza.

Walirudi wawili. Njiani alimuuliza Clavery, ndani ya ndege, palipo na kelele, ili mtoto aweze kusema bila kusikiwa. “Ni wewe? Wewe ndiye mwenye Kiingereza.”

“Tata, mimi nilitafsiri ulichosema tu.”

“Basi ni padre.”

“Huenda.”

“Huenda ni jibu la karani. Wewe ni mwalimu.”

Clavery akageukia dirisha.

Padre Gustafu aliporejea misheni, Ndyamukama alimfuata mpaka sakristia kabla padre hajavua hata kofia. Padre akaapa kwa misalaba yake yote kwamba hakumfundisha Mama Mkuu jambo lolote la kahawa. Alikiri kuficha ombi la binti, na akaomba radhi. Kuhusu lile tunda, akasema, yeye mwenyewe alishtuka. Ndyamukama hakuamini. Mtu mwenye kofia akiapa, unatazama nani analetewa viti. Akaacha kupeleka ndizi misheni, akaacha kukaa mbele kanisani. Akawa anasimama nyuma, mlangoni, kama mdai.

Siku moja Buberwa alikuja kumtazama. Walikaa sebuleni kwenye nyasi ambazo hakuna aliyezibadilisha siku nyingi. Moto ulikuwa umezimika. Buberwa akangoja kahawa kama mgeni anavyongoja, akaona haiji.

“Fungu lilikwisha?” akauliza.

“Lipo. Nimelichomeka darini. Halitoki.”

“Ndugu yangu, nikwambie?” Buberwa akakohoa. “Wewe unasema padre. Mimi nilikuwa hapa siku ile ulipoeleza. Niliona padre anacheka, na Clavery anatazama soksi zake. Aliyekuwa anasikiliza kwa masikio yote mawili alikuwa mlangoni.”

“Yule hajui lugha yao.”

“Ulisema alizungumza nao kwa mikono. Na kupasua kahawa ni kazi ya mikono.”

Ndyamukama alisubiri mpaka jirani yake alipokwenda zake, kisha akatoka nyuma ya nyumba, akapita kwenye migomba mpaka kaburini. Magugu yalikuwa yameanza. Aling’oa machache, vibaya, akikata majani na kuacha mizizi, maana kazi ile hakuwahi kuifanya. Alimweleza Kokubanza habari ya mji ule tena, tangu mwanzo, maji yasiyokwenda, mbwa mezani, miavuli kwenye ngoma. Alimweleza habari ya mwanamke aliyeamka akala uji. Hiyo aliisema haraka, kama mtu anayepita mahali penye harufu.

Kisha akachuchumaa, akauliza lile alilokwisha kumuuliza kila mtu, kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakuwa tena na hakika kama anataka kujibiwa:

“Kokubanza, kahawa ni yako, uliichemsha kwa mikono yako. Ni nani aliyemwonyesha yule mama namna ya kuipasua?”